Tisini na Mbili ya Kuogelea

Maji ya bwawa lile yalikuwa masafi kuliko ya kunywa, na hilo ndilo lililomkera Bi Klorini kuliko yote. Kila siku ya Mungu, kabla kengele ya kwanza haijalia, alichota maji kidogo katika vichupa viwili vya kioo, akadondosha matone ya dawa huku na huku, akavitikisa, akavinyanyua juani kutazama rangi. Manjano ikipauka, aliongeza klorini. Kisha alichukua wavu wenye mpini mrefu akaopoa majani, wadudu, na siku mojamoja karatasi ya pipi iliyopeperushwa na upepo. Akishamaliza aliandika katika daftari tarehe, rangi na saa, akafunga uzio kwa kufuli, akaenda kupiga deki madarasa. Alifanya hivyo miaka minne. Katika miaka hiyo minne hakuna mwanafunzi aliyelowesha hata ukucha.

Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, kwa harufu ya mikono yake. Hakujali. Waliompa jina walau walimwona.

Bwawa lilikuja kama zawadi. Wafadhili walipita, wakauliza shule inahitaji nini, na Mwalimu Mkuu, mtu wa suti na misemo, akasema bwawa la kuogelea. Siku ya ufunguzi alisimama kando ya maji akatamka, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga!" Watu wakapiga makofi. Watoto watatu walioruka majini mbele ya kamera walikuwa wa kuazima, naam, waliazimwa kama viti vya harusi kutoka klabu moja ya mjini, maana shule nzima haikuwa na hata mmoja anayejua kuogelea. Picha ikapigwa, ikatundikwa ofisini. Watoto wa watu wakarudishwa kwao, na kufuli likafungwa jioni ileile.

"Watayachafua," alisema Mkuu mara ya kwanza Bi Klorini alipouliza kwa nini watoto hawaingii.

Mara ya pili akasema, "Mtoto akizama, Mama, nani atajibu?"

Mara ya tatu alimpa kitambaa. Alimtuma akafute madirisha.

Basi shule yenye bwawa lazima iwe na somo la kuogelea, na somo lazima liwe na alama. Mwalimu wa Michezo, kijana mpole mwenye filimbi shingoni, alipelekwa kozi ya wiki mbili akarudi na cheti. Yeye mwenyewe, alimwambia Bi Klorini siku moja kwa kunong'ona, maji yakipita kiuno hutafuta ukuta. Kwa hiyo alifundishia uwanjani. Watoto walilala kifudifudi juu ya mabenchi wakapiga mikono na miguu hewani, naye akipuliza filimbi: moja, mbili, pumua! Moja, mbili, pumua! Mwisho wa muhula waliandika mtihani. Wahenga walisema mpiga mbizi nchi kavu huchunuka usoni. Pale shuleni alipewa asilimia.

Na Bi Klorini, aliyekuwa akipita na ndoo yake pembeni, alijua kuogelea. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Fomu ya kazi iliuliza ameishia darasa la ngapi na kama ana ugonjwa wa mgongo.

Alijifunzia machimboni. Mtaani kwao, mwendo wa dakika ishirini kutoka shuleni, palikuwa na shimo la kokoto lililoachwa na wenyewe bila kufukiwa. Mvua zikinyesha lilijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na hakuna aliyejua kina chake. Mdogo wake, waliyeachiana ziwa, alizama humo akiwa na miaka tisa. Yeye alikuwa na kumi na mmoja, amesimama ukingoni, ameshika shati la mwenzake ili lisilowe. Mwaka uliofuata alirudi palepale na dumu tupu, akalikumbatia, akaingia. Hakuingia kwa kutafuta raha. Aliingia kwa hasira, akatoka anajua, na ile hasira haikutoka naye majini hata siku moja.

Sasa alikuwa akimlea mjukuu, msichana wa miaka kumi, aliye darasa la tano katika shule hiyohiyo. Walitaniana kutwa. Yeye alimwita "mke mwenzangu," na mtoto alimwambia, "Bibi, wewe umezeeka, mume amebaki wangu." Kuogelea alipanga kumfundisha. Lakini wapi? Machimboni aliapa mtoto huyo hatakanyaga. Bwawani palikuwa na kufuli, na mwenye amri ya kufuli hakuwa yeye, ingawa ufunguo ulishinda mfukoni mwake. Mfinyanzi hulia gaeni.

Siku ya kufunga shule mtoto alikuja mbio na ripoti. Hisabati sitini na moja. Sayansi hamsini na nane. Kuogelea tisini na mbili, na maneno pembeni kwa wino wa buluu: *Hodari sana.*

"Mimi ndiye wa kwanza darasani, Bibi! Niliandika yote, mpaka jinsi ya kupumua."

Bi Klorini alicheka kwanza. Halafu akasoma tena, kicheko kikamkauka. Alimkuta Mwalimu wa Michezo akikusanya mipira.

"Mwalimu, hii tisini na mbili ni ya nini?"

"Ni ya nadharia, Mama."

"Basi ungeandika nadharia."

"Nafasi haitoshi, Mama. Kile kisanduku ni kidogo." Alitazama viatu vyake. "Na Mkuu amesema hataki kuona kisanduku kitupu. Wakaguzi watauliza."

Angeweza kuikataa ripoti ile pale pale. Lakini alikuwa na madarasa sita ya kupiga deki, na mtoto alikuwa akimvuta mkono, na ni karatasi tu, alijiambia, karatasi haiumi mtu. Palipoandikwa *saini ya mzazi au mlezi*, akatia saini. Hilo hakujisamehe baadaye.

Wiki ya pili ya likizo mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Bi Klorini alikwenda kazini kama kawaida, maana maji yasiyoogwa na mtu nayo hayana likizo. Alasiri ya siku ya nne, akirudi nyumbani, alipita juu ya machimbo na kutazama chini, kama alivyotazama kila siku ya maisha yake. Watoto watano walikuwa wamesimama ukingoni, kimya. Watoto wakipiga kelele kando ya maji, hiyo ni michezo. Wakinyamaza, kimbia.

Alikimbia. Kabla hajafika aliona jozi ya kandambili za buluu pale ukingoni, moja imefungwa kamba yake kwa waya. Waya huo alikuwa ameufunga yeye, jana yake.

Mkono ulitokeza mara moja katikati ya maji, ukapotea. Aliruka na sare, na viatu, na mkoba begani. Alipapasa gizani kwenye yale matope mpaka akashika nywele, akazivuta bila huruma, akampandisha mtoto juu, akamburuta hadi kwenye kokoto. Akamlaza ubavu. Maji yakatoka mdomoni, kisha kikohozi, kisha kilio. Alimshukuru Mungu kwa sauti, akalia pamoja na mtoto. Machozi yalipokatika ndipo wale wenzake wakapata ujasiri wa kueleza.

"Mpira ulienda katikati," alisema mmoja. "Tulimwambia auache. Akasema yeye ana tisini na mbili."

Mtoto alikuwa akitetemeka kifuani mwake. "Bibi, nilifanya vilevile kama Mwalimu alivyotufundisha. Moja, mbili, pumua. Nilipofika kwenye pumua, maji yakaingia."

Usiku huo Bi Klorini aliikunja ile ripoti mara nne, akaitia mfukoni mwa sare. Wanaomjua wanasema afadhali angepiga kelele.

Jumamosi ya kwanza shule zilipofunguliwa, Mwalimu Mkuu aliita wazazi. Viti alivipanga Bi Klorini mwenyewe, mia mbili, safu kwa safu. Mjukuu alikaa mbele, bado na kikohozi. Mkuu alisimama akasema habari ya machimboni imemsikitisha, kwamba kamati ya shule imekaa na kutafakari, na kwamba ili jambo kama hilo lisitokee shuleni, inapendekeza bwawa lifukiwe na pawe bustani ya maua.

Watu wakapiga makofi. Seremala mmoja akasimama. "Na lilikuwa la nini tangu mwanzo? Watoto mia sita wana vyoo vinne! Shule si hoteli."

"Tuleteeni vitabu," alisema mama mmoja mshonaji. "Nani aliajiriwa kwa kuogelea?"

Mwenye duka mmoja akapinga: mtaani kwake kila mvua barabara inageuka mto, mtoto aende kuogelea asiende, maji yatamfuata mlangoni. Wakamzomea kidogo, akakaa.

"Na nyumbani tuwaonye watoto," Mkuu alimalizia, akitabasamu kwa huzuni. "Yule binti yetu alikatazwa machimbo. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Hapo ndipo Bi Klorini alipotoka mlangoni alikokuwa amesimama na ufagio wake, akapita katikati ya viti.

"Alisikia la mkuu, Mwalimu," alisema. "Ndiyo maana akazama."

"Mama, utapewa nafasi..."

"Nimeshaichukua." Alitoa ripoti mfukoni, imekunjwa mara nne. "Hii ina muhuri wa nani? Soma. Tisini na mbili. Hodari sana. Mtoto wa watu anaambiwa na shule nzima, kwa muhuri, kwamba anajua kitu asichokijua, halafu mnamlaumu kwa kuwaamini! Haya, wazazi. Mnaojua kuogelea, nyoosheni mikono."

Mikono mitatu ilinyooka.

"Ambaye mwanawe alipata chini ya hamsini?"

Hakuna mkono. Mtu alicheka, wengine wakafuata. Kisha kicheko kikafa kidogokidogo, kila mzazi akawa anakumbuka kisanduku kile kwenye ripoti ya mwanawe, na alama aliyoifurahia.

"Seremala, vyoo hivyo naviosha mimi, najua hali yake kuliko wewe. Vidai, nami nitakuwa nyuma yako. Lakini mkishalifukia hili lililo safi, na lile la kokoto mtalifukia kwa kitu gani? Kwa maua? Mimi nina ndugu yangu mle. Nilishika shati lake. Miaka minne napima maji haya kila asubuhi, naandika ni salama, ni salama, ni salama, na watoto wanajifunza juu ya mabenchi!"

"Tatizo ni mwalimu, Mama," alisema Mkuu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hatuna anayeweza."

"Mnaye. Anawapigia deki mwaka wa nne."

"Una cheti?"

"Cheti changu kimekaa pale mbele, Mwalimu. Kinakohoa."

Mkuu akawageukia wajumbe wa kamati. Alisema kamati italitazama tena. Bi Klorini hakungoja kamati. Aliweka ufagio juu ya meza kuu, mbele ya wajumbe, akamshika mjukuu mkono, akaelekea bwawani huku akitafuta ufunguo. Nyuma yake viti vilianza kukwaruza sakafu.

Kufuli lilifunguka bila ubishi, maana alilipaka mafuta kila mwezi. Alivua viatu akashuka ngazi za upande wa kina kifupi na sare yake mwilini, mpaka maji yakamfika mapajani. Mtoto alibaki juu.

"Sitaki, Bibi."

"Najua hutaki. Nipe kalamu yako." Aliiweka ripoti juu ya vigae, akakata tisini na mbili mara mbili, akaandika *0* kubwa iliyojaa kisanduku chote. Akamwonyesha. "Una ngapi?"

"Sifuri," mtoto alisema, machozi yakimtoka.

"Na mpira ukienda katikati tena kule, wenzako wakikuuliza, utasema una ngapi?"

"Sifuri."

"Sema kwa nguvu."

"Sifuri!"

"Ehe. Sasa njoo, mke mwenzangu. Shika ukingo kwa mikono miwili, piga miguu. Sikuachii."

Mtoto akashuka ngazi ya kwanza, akasimama. Akashuka ya pili. Wazazi walikuwa wamejazana kwenye uzio, wengine bado wananung'unika habari ya vyoo, na Mkuu alikuwa mbali kidogo, ameshika simu bila kumpigia mtu. Mwalimu wa Michezo ndiye aliyepenya akaingia ndani. Alikuwa amekumbatia kitabu cha alama cha shule nzima, na filimbi ameivua.

"Mama," alisema, "nianzie darasa gani?"

"La kwanza," Bi Klorini alijibu bila kugeuka, mikono yake chini ya tumbo la mjukuu. "Mpaka la mwisho. Na wewe mwenyewe ujiandike."

Mwalimu akasogeza benchi moja la mazoezi kutoka uwanjani, akakaa, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kuandika sifuri. Yalikuwa majina mia sita. Alipofika jina la arobaini, mjukuu alikuwa bado anapiga miguu.