Mama Alipokata Ukingo wa Mpunga

Mashine ya kukoboa mpunga ni yangu, lori pale nje ni langu, na shule niliachia darasa la pili. Wenye digrii ndio hunipigia hodi. Lakini gunia la mpunga mbichi likifunguliwa, ile harufu ya tope hunirudisha bondeni, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, ambako baba alikuwa mfungwa wa kuchimba mashamba ya mpunga.

Mimi na mama tulishuka kwa miguu kutoka kwetu Kibugu, mlimani, ili amsikie baba sauti tu. Askari akakataa. "Mpe chakula, uondoke. Hakuna kuongea."

Sisi ni watu wa kulima wimbi, nafaka ya nchi kavu. Kwetu mmea ukisimama majini umekufa. Mama alipoona mashamba yamefurika, ngazi kwa ngazi, alihurumia mimea. Akashika jembe la baba, akakata ukingo maji yatoke.

"Mama watoto, utaniua!" Baba akaruka, akakaa palepale penye ufa. Maji yakasimama.

Askari akageuka. "Mzee, mbona unaoga na nguo?"

"Mgongo umenishika, afande."

Akacheka. "Basi kaa hapo mpaka ukuachilie." Akaenda zake.

Mama alipiga magoti akimzungushia baba tope kuziba ufa, wakiongea polepole: ng'ombe amezaa, nyanya anakohoa, paa linavuja. Baba aliniwekea kichwani mkono wenye tope la vuguvugu, asiuondoe.

Tope liliposhika, baba akainuka. Mama akalifuta jembe kwa leso yake, huku akiutazama ukingo wa shamba linalofuata.