Mbabula ya Kusimama

Yule bwana wa kampuni alipoandika kwenye karatasi yake "mama ameridhika", nilimnyang'anya kalamu. Mbabula yake, jiko la makaa, ilikuwa imelala chali uani, bugali inatoa moshi chini, na sufuria ilikuwa imemkosa binti yangu wa miaka mitatu kwa upana wa kiganja. Ameridhika nani?

Walitugawia mbabula hiyo akina mama wa mtaa wa Carama tuijaribu kabla haijauzwa. Ndefu, inafika kiunoni. Eti wametuonea huruma kuinama! Bugali ya muhogo haikorogwi kama chai. Unakaa kwenye kigoda, unakanyaga kitako cha mbabula kwa kandambili, unasukuma mwiko kwa mabega. Ile yao utaikanyaga wapi? Nilipoanza kusonga, yule bwana anatazama, ikayumba, ikaenda.

"Karatasi inauliza moshi, makala ya kuwasha na rangi," akasema. "Moshi si umepungua? Na mwenzako anaisifu."

Mwenzangu ni jirani, mama wa Uvira anayekaanga mandazi kando ya barabara. Kwake ni kweli nzuri: anasimama, anaona wateja, karai limetulia.

"Yeye anakaanga, mi nasonga. Kwako nani anapika?"

"Madame."

"Mulete asonge hapa, mutoto mugongoni. Mi nitashika kalamu."

Jirani, aliyesikia kishindo akaja, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mwache, mama! Huyo bugali anaijua ikiwa kwenye sahani."

Kesho yake nikapanda mtaa wa Gihosha, ofisini kwao. Dada wa mapokezi akanionyesha sanduku la maoni.

"Apana. Sina maoni, nina malalamiko. Piga muhuri barua hii."

Akapiga. Nilikuwa nimeandika hivi:

"Bwana Mkurugenzi, mbabula yenu imepinduka nikisonga bugali, nusura imuunguze binti yangu. Karatasi yenu haina mahali pa kuandika hilo. Mnatuita 'akina mama' kama vile tunapika chungu kimoja. Nadai mzichukue wiki hii zote mlizowapa wanaosonga, kabla mtoto wa mtu hajaungua. Wa mandazi mwachieni yake. Mkitaka kuchora nyingine, njooni kwanza mkae uani kwangu saa ya bugali, mtazame mguu wangu unakanyaga wapi. Nasubiri jibu la maandishi."