Kisigino cha Nguzo

Wapiga gita la besi wako wengi kama utitiri, lakini aliyeitwa Nguzo alikuwa mmoja tu, na anayebisha hakuwahi kukaa meza ya mbele Nguzo akipiga. Glasi zilitembea zenyewe mezani. Wazee wenye meno ya kununua waliyashikilia kwa kidole gumba mpaka wimbo uishe. Huo ni ukweli mtupu, na kama una chumvi basi ni ile ya kuonjea tu.

Jina hilo alipewa na bendi, na walikuwa na haki. Kwanza urefu wake. Fundi cherehani aliyeitwa kuwapima wanamuziki sare aliwapima wote kwa dakika kumi, alipofika kwa huyu ikabidi apande juu ya kiti ili ayafikie mabega. Alipokuwa huko juu wakatazamana. Sare ilichelewa wiki tatu, kila siku kipimo kimepotea, kila siku aje tena apimwe. Mwisho wake fundi akawa mkewe, na vipimo vikaonekana. Pili, kusimama kwake. Waimbaji walirukaruka, mpiga solo alipiga magoti na kufumba macho kama mtu anayemwomba radhi mama mkwe, lakini Nguzo alisimama palepale kushoto kwa drams, saa nne mfululizo kila Jumapili alasiri, na mwili wake wote ulikuwa kimya isipokuwa kitu kimoja: kisigino cha mguu wa kulia. Juu, chini. Juu, chini.

Sasa hapo sikiliza vizuri, maana waliosoma muziki kwenye karatasi watakuambia bendi inaongozwa na mpiga drams. Bendi hii iliongozwa na kisigino. Mpiga drams aliitwa Kinu, mtu mfupi, mabega mapana, sikio lake la kushoto liliharibika tangu utotoni. Spika za ukumbi waliokuwa wakipigia zote ziliwageukia wachezaji, na yeye aliyekaa nyuma ya spika hizo alisikia mvumo tu, kama mtu aliyefungiwa ndani ya pipa. Mwaka wa kwanza alipotea mara nyingi, nusura afukuzwe. Ndipo alipogundua kile kisigino. Kikigusa ubao, anapiga. Kikikaza mwendo, anakaza. Wimbo ukitaka kuchangamka, kisigino kilipiga mbili za haraka, na Kinu akawa ameshajua kabla hata mwimbaji hajavuta pumzi. Hakuna aliyemfundisha, wala hawakuwahi kulizungumza. Miaka ishirini na miwili. Kuna wakati walinuniana miezi saba kwa ajili ya kofia, hata salamu hakuna, na bado kisigino na drams vikaendelea kuelewana kama kawaida, wenye viungo wenyewe wamekasirika.

Halafu ukaja ugonjwa wa sukari.

Haukuja kwa kishindo. Ulianza kwa kiu, na kwa safari za msalani, na Nguzo, kama wanaume wote wajanja, akamficha mkewe, akamficha daktari, na kama ingewezekana angejificha mwenyewe. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Kilichomuumbua yeye kilikuwa soksi. Jumapili moja alirudi nyumbani, akajitupa kwenye kochi, mkewe akainama kumvua kiatu. Soksi ilikuwa imelowa damu. Msumari mdogo wa soli ulikuwa umetokeza ndani, umemuuma tangu alipovaa.

"Hukusikia?" mkewe akauliza, soksi mkononi.

"Ningesikia si ningeruka? Lo! Watu wangesema leo Nguzo kacheza!"

Mkewe hakucheka. Alikwenda kuchemsha maji ya kusafishia kidonda.

Daktari alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisema kidole kimoja kitaondoka, hicho hakina mjadala, na mguu nao ukichezewa utafuata. Kusimama saa nne, mwiko.

"Daktari, mimi napiga besi."

"Basi piga umekaa, mzee. Kwani besi inapigwa kwa miguu?"

Wakacheka wote wawili.

Kidole cha mguu kikakatwa, na baada ya wiki sita kidonda kilikauka, akarudi jukwaani akiwa na kiti. Usidhani kiti ni kiti tu. Vya plastiki vya pale ukumbini vilikuwa na mikono, na mkono wa kiti unaligonga tumbo la gita kila ukigeuka. Stuli ya baa ilikuwa ndefu kiasi kwamba hata yeye ilimwacha miguu inaning'inia kama mtoto kwa kinyozi. Mkewe akautazama usumbufu ule, kisha akachomoa kiti chake cha cherehani, cha mbao, kisicho na mikono, akamkabidhi.

"Na wewe utakalia nini?"

"Jumapili sishoni."

Uongo wa mchana kweupe. Jumapili ndiyo siku aliyomalizia nguo za Jumatatu, na tangu hapo alizimalizia wima, mgongo umepinda juu ya mashine, mkono mmoja ukizungusha gurudumu na mwingine ukisukuma kitambaa. Nguzo alijua. Alichukua kiti hivyohivyo.

Siku ya kwanza watu hawakumwachia hata apumue. "Nguzo imekaa! Jamani tokeni, nyumba inaanguka!" alipayuka mmoja kutoka meza za nyuma. Nguzo akasogelea maikrofoni: "Haijakaa, mpumbavu wewe, imechimbiwa!" Ukumbi ukavunjika mbavu. Alicheka kuliko wote, akaweka gita pajani, akaanza.

Lakini nyimbo hazikuamka. Hakuna aliyekosea noti, hakuna aliyesahau maneno, ila kila wimbo ulianza kwa mwendo wake halafu ukaanza kusinzia, polepole, kama mzee mwenye gazeti. Wachezaji walikanyagana. Kufikia Jumapili ya tatu, wanandoa walikuwa wanarudi vitini kabla wimbo haujafika katikati. Bwana mmoja mzee, ambaye yeye na bibi yake hawakuwahi kukosa nafasi ya mbele, alimfuata kiongozi wa bendi akamuuliza kwa adabu zote: "Mwanangu, tunacheza au tunasindikiza jeneza?"

Kiongozi wa bendi alikuwa mpiga tarumbeta, mtu mpole. Ukiona anaifuta tarumbeta ambayo tayari inang'aa, ujue ana neno baya. Jumanne, kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya karakana ya seremala, aliifuta kwa muda mrefu sana.

"Kaka mkubwa," akasema, "tumekaa tukaonelea upumzike."

"Nimepumzika wiki sita. Nimechoka kupumzika."

"Vidole vyako vimepungua kasi. Si kosa lako, ni ugonjwa. Kuna mpiga besi wa bendi ya jirani, yuko tayari kuanza."

"Vidole?" Nguzo akainua mikono yote miwili. "Kidole kilichokatwa ni cha mguu, bwana! Au siku hizi besi tunapiga kwa nyayo?"

Alicheka peke yake. Wenzake walitazama sakafu, na sakafu ile ilikuwa na unga wa mbao tu. Ndipo alipoelewa kwamba jambo limeshaamuliwa, na kwamba walichobakiza ni namna ya kumwambia tu. Akiwa na miaka hamsini na nane hakujua kazi nyingine. Hata msumari kupigilia hakuweza. Rafu za nyumbani alizigongea mkewe.

"Nipe Jumapili moja," akasema. Safari hii hakukuwa na mzaha.

Kiongozi akafikiri. "Moja. Nyimbo zikilala tena, kaka, tusilaumiane."

Mwimbaji wao, dada mmoja mwenye huruma na mdomo mkali kwa pamoja, akamsogelea na simu. Mchezaji mmoja alikuwa amemrekodia onesho lililopita. "Kabla hujaja kubishana na watu hiyo Jumapili, shemeji, jitazame kwanza."

Nguzo akaishika simu mbali na macho, kama wanavyofanya wote wanaokataa kununua miwani. Alitafuta vidole vyake kwanza. Vilikuwa salama, vilitembea kwenye nyuzi kwa usafi uleule, ila vilikuwa vinasubiri kitu. Alirudisha mwanzo. Safari ya pili macho yake yakashuka mpaka mguuni. Siku zote zile alidhani kisigino kinapiga, kwa sababu alikiamuru kipige. Kumbe kilikuwa kikijiinua kwa uvivu, kinaanguka kimechelewa, mara nyingine kinaanguka upande, kama samaki aliyetupwa kwenye saruji. Safari ya tatu akaona shingo ya Kinu. Ilikuwa imeinama. Macho ya Kinu yalikuwa juu ya kiatu kile, hayabanduki.

Kisigino kinachelewa, Kinu anakisubiri. Vidole vya Nguzo vinasikia drams zimechelewa, navyo vinamsubiri Kinu. Na bendi nzima nyuma yao imejipanga, inasubiri mguu usiokuwa na habari.

Akarudisha simu. "Kinu, njoo nje."

Walisimama kwenye mbao zilizopangwa kwa ajili ya kukauka. Tuseme Kinu alisimama, Nguzo alikaa juu ya mbao.

"Ukipiga unatazama nini?"

"Hujui?"

"Nataka nisikie kwa mdomo wako."

"Kisigino chako."

"Na hukuona kinachelewa?"

Kinu akachuna kibanzi kwenye ubao. "Niliona tangu siku ya kwanza."

"Ukanyamaza!"

"Mwanzo nilidhani umepunguza kwa makusudi. Baadaye nikajua siyo. Sasa ulitaka nifanyeje? Nakufuata miaka ishirini na miwili, leo umewekwa kitini ndiyo nikuache nyuma?"

"Wataniondoa, mjinga wewe! Kwa ajili ya adabu yako wataniondoa!"

"Najua mimi ni mjinga," Kinu akasema. "Lakini siwezi kukupita."

Nguzo akaupiga ule mguu konzi mbili, kama mtu anayebisha mlango. "Humu hamna mtu, Kinu. Unafuata nyumba tupu. Jumapili usinitazame."

"Nitashika wimbo na nini?"

"Una sikio moja zima, na una hiyo mikono. Shika wewe. Wenzetu watakufuata. Nami nitakufuata."

Kinu hakuahidi. Nguzo, aliyemjua kuliko alivyojua sala zake, aliona kwamba hataweza. Macho yatarudi yenyewe kwenye kiatu. Kwa hiyo Jumapili ilipofika, watu wakifunga waya na kujaribu maikrofoni, alibeba kiti mwenyewe, akakipitisha mbele ya drams, akaenda kukiweka upande wa kulia kabisa, nyuma ya safu ya wapiga tarumbeta, pembeni ya pazia ambako mpiga drams hawezi kumwona hata kwa kuchungulia.

"Kaka, mbona huko?" kiongozi akashangaa. "Huko hata watu hawatakuona."

"Nimewachosha na uzuri wangu," Nguzo akasema. "Waacheni wapumzike."

Wimbo wa kwanza uliyumba. Kinu aligeuza shingo kushoto, akakuta ubao mtupu, na fimbo zake zikasita nusu pigo. Akageuza tena. Patupu. Mwimbaji akamkazia macho. Ndipo Kinu alipofumba ya kwake, akainamisha lile sikio zima kwenye ngozi ya ngoma, akaanza kupiga kama mtu anayetafuta swichi gizani. Katikati ya wimbo wa pili alikuwa ameiona njia. Wimbo wa tatu ulipotaka kuchangamka, hakungoja ruhusa ya mtu. Aliruka, na bendi yote ikaruka naye.

Nguzo alikuwa hajaruka. Miaka yote ile alikuwa mbele ya wimbo kwa unywele mmoja, anaupokea kabla ya wengine. Sasa alijikuta anaukimbilia, mwenye nyumba anayepiga hodi kwake. Vidole vilidaka haraka, na aliyeko ukumbini hakugundua. Chini, kisigino kilikuwa bado kinapapatika kwa mwendo wake chenyewe, hakifanani na chochote kilichokuwa kikipigwa. Akaacha kukitazama.

Watu hawakurudi vitini. Yule bwana mzee alimzungusha bibi yake mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Mapumzikoni kiongozi alikuja akamshika bega, uso umejaa furaha ya mtu aliyeponea kufanya jambo baya.

"Vidole vimerudi, kaka! Nani alisema uondoke? Hakuna kuondoka!"

"Vimerudi," Nguzo akajibu, akaacha iwe hivyo.

Onesho lilipokwisha, jua lilikuwa bado linaingia madirishani, na wahudumu walikuwa wanapandanisha viti vya plastiki. Kinu alizunguka matarumbeta, jasho linamtiririka, akasimama mbele yake.

"Nilitazama mara mbili tu," akasema, kama anayeungama.

"Nilisikia fimbo zikisita. Leo umepiga vizuri kuliko siku zote."

Kinu alipokea sifa ile kama mtu anayepewa mzigo. Kisha akaona kiatu cha kulia kimemtoka nusu, kinaning'inia kwenye ncha ya mguu, na mwenyewe hana habari. Akapiga magoti kukivisha. Akabonyeza juu ya soksi, pale vidole vinne vilipobaki.

"Hapa unasikia?"

"Sisikii."

Akapandisha mkono hadi kwenye fundo la mguu. "Na hapa?"

"Hapo pia sisikii."

Akapandisha tena, chini kidogo ya goti.

"Hapo kwa mbali."

"Mwezi uliopita ulikuwa unasikia mpaka wapi?"

"Chini ya hapo."

Kinu alifunga kamba za kiatu, akazikaza. Halafu akazifungua, akazifunga upya taratibu, huku akipitisha kidole chake ndani kuona kama pana nafasi, maana hakukuwa na mtu wa kumwambia kama zinabana.