Mapacha Wawili, Wembe Mmoja

Asubuhi ile nilikuta kikombe changu cha chai kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono.

Nikadhani ni utani.

Mama mkwe alikuwa jikoni, amenipa mgongo. "Hicho ndicho chako," akasema. "Vingine usiguse."

Hapo nikajua kimenuka.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mke wangu alikuwa mjamzito, tukaenda kliniki pamoja, tukapimwa damu. Yeye salama. Mimi nikakutwa na homa ya ini aina ya B, na vipimo vya kurudia vikaonyesha ni ile sugu, inayokaa mwilini miaka.

Mama mkwe aliposikia kwamba ugonjwa huo unaambukizwa pia kitandani, kesi ikaisha kabla sijafungua mdomo.

"Mwanangu hana, wewe unao. Umeuokota wapi?"

Aliyenimaliza kabisa ni pacha wangu. Hatufanani hata kidogo, lakini tumekula sahani moja tangu utotoni. Yeye ni kinyozi, alirithi kiti cha marehemu baba. Nilimkimbilia anitetee. Akaenda kupima, akarudi anacheka.

"Mimi mzima, ndugu yangu. Ungetulia nyumbani yasingekukuta."

Aliyasema hayo mbele ya mke wangu.

Mke wangu hakulia. Aliinuka, akaanza kukunja nguo za mtoto ambaye hata hajazaliwa, akizipanga kwenye begi. Niliogopa, jamani.

"Twende wote kwa daktari," nikamwomba. "Tukirudi bado unataka kuondoka, begi nitakubebea mwenyewe."

Pacha wangu naye akatufuata, kama shahidi wa upande wa pili.

Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alikitazama kipimo cha kinyozi wetu. "Hiki kinasema huna virusi leo. Hakisemi kama hukuwahi kuwa navyo." Akaagiza achukuliwe damu nyingine.

Majibu yalipotoka, akamgeukia. "Uliwahi kuambukizwa. Mwili wako ukavifukuza."

Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Tumezaliwa pamoja," nikasema. "Mbona mimi vimening'ang'ania?"

"Kuzaliwa pamoja si kurithi sawa. Kuna vinasaba vinavyoisaidia kinga ya mwili kukitambua kirusi hiki na kukitimua. Huenda mwenzako alivirithi, wewe ukavikosa. Siyo sababu pekee, umri nao una nguvu. Wengi wanaobaki na virusi waliambukizwa wakiwa wadogo. Nyumbani kwenu kuna aliyewahi kuugua ini?"

Tukatazamana.

Baba. Macho ya njano, tumbo lililojaa maji. Mtaa mzima ulisema amerogwa.

Na baba alikuwa na kawaida yake. Kabla ya kumnyoa mtu, aliujaribu wembe kwenye mkono wake mwenyewe. Mara nyingine alijikata. Alifuta kwa kitambaa, kisha akaviinamia vichwa vyetu.

"Siwezi kuapa," daktari akasema tulipomsimulia, "lakini njia hiyo inatosha kabisa."

Mke wangu alichanjwa siku hiyo hiyo, na akaambiwa mtoto atachanjwa mara tu akizaliwa. Kuhusu vikombe, daktari alitikisa kichwa tu: ugonjwa huu hauambukizwi kwa kunywea kikombe kimoja. Tulipofika nyumbani mke wangu aliukata ule uzi kwa meno, akanimiminia chai. Mama mkwe akajifanya anatafuta miwani.

Lakini kilichoninyima raha kilitokea kule kwenye korido ya hospitali. Pacha wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, amekunja shati, anautazama mkono wake wa kushoto. Ulijaa makovu madogo madogo.

"Mimi pia huwa naujaribu hivi," akasema polepole. "Tangu nirithi kile kiti. Kila mteja."

Mwili uliofukuza virusi ndio ulioshika wembe. Ingekuwa kinyume chake, kiti cha baba nikakirithi mimi, sijui ni vichwa vingapi vya mtaa wetu vingekuwa kwenye foleni ya daktari, na sote tungekuwa tunaulizana nani katoka nje ya ndoa.

Ndugu zangu, kapimeni, mkachanjwe, na msimfungie mtu uzi kabla hamjajua ugonjwa ulimpataje. Na kinyozi akijaribu wembe mkononi mwake kabla ya kukugusa, inuka kwenye kiti, hata kama ni pacha wako.