Ghasia Niliyotaka Kuitawanya Rongo

Mimi ni mtu wa Kitui, konstebo mwaka wa nane sasa, na sheria ya jinai imenimaliza. Nasomea mtihani wa ukoplo. Hata ugali naula juu ya kitabu.

Juzi nilikuwa doria karibu na Rongo, kichwa kizito, nikaona wanaume wakija mbio na ng'ombe. Wamejipaka udongo, wana mikuki na ngao, wanapiga mayowe. Nikahesabu: wamepita kumi na wawili. Kitabuni hiyo ni ghasia. Nikapiga filimbi, nikasimama katikati ya barabara, nikawaamuru kwa jina la Rais watawanyike.

Wakasimama. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Askari, mwanangu, tumefiwa. Hivi ndivyo tunavyokifukuza kifo kitoke bomani. Tukitawanyika, nani atakifukuza?"

Kabla sijajibu, mmoja wao akashusha ngao. Chini ya ule udongo alikuwa inspekta wangu, mwalimu wetu wa sheria, aliyeomba likizo akamzike baba yake.

"Konstebo," akasema, sauti imemkauka kwa kilio, "amri hiyo hutolewa na ofisa wa cheo gani?"

"Kuanzia inspekta, afande."

"Basi mtihani wako nimeshausahihisha. Pisha ng'ombe."