Picha ya Mvua Aliyoisikia Mama

Juzi mkamwana wangu alikaa kwenye kochi, katikati yangu na mume wangu, akatusomea kutoka kwenye simu yake maoni ya watu juu ya picha moja ya zamani. Mmoja ameandika kwamba hadithi ina matobo kama chujio la chai, lakini mwanga na mavazi ni raha ya macho. Mwingine anasema alisinzia katikati. Wa tatu anauliza muuaji hasa alikuwa nani, maana uso wake hauonyeshwi hata mwisho, na inaelekea hakuna aliyewahi kumjibu. Nikamwomba anionyeshe hiyo picha yenyewe. Barabara yenye giza, taa moja, mwanaume mwenye koti refu na kofia, na mvua. Nikamwambia, "Mwanangu, hii naijua. Tuliibishania hapa hapa Bondeni kabla wewe hujazaliwa."

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kama ulikuwapo unakumbuka: sabuni tuliyozoea kuikata vipande kwa uzi ikaanza kuonekana madukani, mitumba ikaja, na kupitia mpakani Kasumulu vikaingia vitu ambavyo awali tulivisikia kwa majina tu. Mfanyabiashara mmoja wa Bondeni, Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani, akaleta televisheni na deki ya video. Akajenga banda la mianzi, akalikandika udongo, akaziba madirisha kwa magunia yaliyokuwa bado yananuka kakao. Jenereta aliifukia nusu kwenye shimo mbali kidogo, ndani ya migomba ya jirani, ili isitushinde kwa kelele. Picha ilianza saa tisa alasiri, watu wakitoka mashambani. Wakati wa sala ulipofika aliisimamisha, akaenda kuswali, nasi tukamsubiri huku mtu wa kwenye kioo amebaki na mguu mmoja hewani.

Baba yangu alikuwa amefariki nikiwa mdogo, nasi tulibaki kwenye mji wa babu, yaani boma la baba yake baba. Mama aliuza vitumbua. Kupika kwake alifundishwa na mke wa huyo mwenye video, kwa mchele wetu wa Kyela uliolowekwa usiku kucha, na harufu yake ilitangulia kufika kabla ya beseni. Zamani alikuwa akivipeleka mnadani Lyulilo, akiniacha kwa siku mbili au tatu nilale kwa jirani. Banda lilipojengwa akaanza kuuzia mlangoni pake, na kila jioni nikawa na mama. Kwa hiyo niliposikia wazee wa kanisa wanataka kuwakataza waumini kwenda video, sikufikiria dhambi. Nilifikiria Lyulilo. Wateja karibu wote walikuwa waumini. Kanisa likikataza, banda linafungwa.

Babu alikuwa mkubwa wa wazee hao. Alisema hawezi kumhukumu mtu ambaye hajaketi naye. Alhamisi angekwenda kuitazama picha kwa macho yake, na Jumapili angesema.

Hapa lazima nikueleze jambo moja ambalo vijana wetu hulisikia kama hadithi. Mwanamke wa Kinyakyusa hakumtazama mkwe wake mwanaume. Hakukaa naye chumba kimoja, hakula naye, hakulitaja jina lake. Akimwona njiani aliacha njia na kuingia migombani mpaka apite. Ukristo ulilegeza kamba hizo, lakini katika mji wetu zilikuwa bado zimekaza. Babu na mama waliishi uwanja mmoja miaka kumi na zaidi, na maneno yao yote yalipita kwangu. Mama alimjua kwa nyayo. Alizijua kwenye tope na kwenye vumbi, kwa kandambili na kwa viatu vya ibada, na alijua kutokana na hatua kama babu amechoka au amekasirika.

Alhamisi ile, kabla babu hajafika, mama alihamisha beseni lake nyuma ya banda, penye ukuta uliopakana na televisheni. Mimi niliingia na babu, nikakaa miguuni pake.

Picha ilikuwa ya Kiingereza. Mwalimu wetu aliyekaa mbele alitafsiri alichokipata, na alipokosa alinyamaza. Mvua haikukatika tangu mwanzo, na mkulima mmoja wa mpunga hakuivumilia.

"Mvua gani hii? Kofia yake haidondoshi hata tone!"

"Inanyesha nyuma yake tu," mwingine akajibu. "Ya kwao ina adabu."

"Mleteni Kyela mwezi wa nne tumwone na hicho kikoti."

Fundi cherehani aliwaambia wanyamaze, yeye anapima mabega kwa macho. Kusema kweli ilikuwa inapendeza. Moshi wa sigara ulipanda kwenye mistari ya mwanga iliyopenya dirishani, na sura za watu zilikuwa nusu nuru nusu giza. Lakini nani anamtafuta nani, na kwa nini, hata mwalimu alikuwa ameshakata tamaa.

Kisha ukaja mlo. Mzee tajiri ameketi mezani na mkamwana wake, mwanamke mwenye gauni jekundu. Mwanamke akammiminia mkwe wake kinywaji, akamtazama machoni, akacheka. Wazee waliinamisha vichwa wakatazama magoti yao. Bibi mmoja alijifunika uso kwa kanga. Na mara baadaye yule mzee alipokutwa ameuawa, hakuna aliyehitaji tafsiri ya mwalimu. Muuaji alionyeshwa viatu tu, akitembea ukumbini, na kivuli ukutani. Picha ikaisha hivyo hivyo, mwenye koti akitokomea mvuani.

Nje watu walisimama makundi makundi.

"Wametuibia mwisho," kijana mmoja alilalamika. "Hata ngumi hakuna."

"Wewe ngumi tu," fundi akasema. "Koti hukuliona? Lile nalishona wiki hii."

"Hadithi imechanika, fundi. Ungeanza kuishona hiyo."

Babu alikuwa anajifuta jasho. "Hakuna kilichochanika," alisema. "Ni yule mwanamke. Aliyeweza kumtazama mkwe wake machoni, kitu gani kitamshinda?"

"Kweli kabisa, mzee," wakaitikia.

"Mzee wangu, ni picha tu," mwenye video akasema kwa upole.

"Picha inafundisha, mwanangu. Jumapili nitasema."

Hakukuwa na mtu asiyejua atasema nini.

Nilikimbia nyuma ya banda nikamwambia mama yote kwa pumzi moja. Alikuwa anafunika vitumbua kwa jani la mgomba. Hakushtuka.

"Si yule mwanamke," alisema.

"Mama, wewe hukuona!"

"Sikuona, nimesikia. Mwanamke anatembea ko, ko, ko, visigino vyembamba. Aliyeua ana viatu vizito, na kimoja kinalia kama mlango wenye kutu. Huyo alikuja mwanzo kabisa, mvua inaanza, akagonga mlango. Alikuwa nani?"

Nilikumbuka. Alikuwa bwana mwenye suti nyeupe, yule aliyekwenda kumwajiri mwenye koti amtafutie mtu.

"Basi ni huyo. Nenda kamwambie babu yako."

Sasa fikiria, rafiki yangu. Babu ameshatamka mbele ya watu, nami niende kumwambia amekosea, na kwamba aliyemkosoa ni mkamwana wake. Nikamuuliza mama, "Akikasirika je?"

"Akikasirika atafunga banda, na mimi nitarudi Lyulilo kama zamani. Lakini mwanamke wa watu asisingiziwe."

Nilimwambia babu njiani, nikitembea nyuma yake ili nisimwone uso. Alisimama. Fimbo yake ilizama kidogo kwenye udongo.

"Kiatu kipi kinalia?" aliuliza.

Sikujua. Usiku ule sala yake ilikuwa fupi.

Jumamosi, picha ile ile iliporudiwa, alirudi bandani bila kumwambia mtu. Mama alikuwa tena nyuma ya ukuta. Picha ilipoanza, babu aliweka mikono juu ya fimbo na kufumba macho.

"Mzee kalala," kijana mmoja alinong'ona.

"Mwache, anaiombea picha."

Bwana wa suti nyeupe alipoingia, niliona babu akiinua kidole kimoja. Wakati wa mlo alibaki amefumba vile vile. Zilipofika zile hatua za ukumbini, kidole kikainuka tena, kikakaa juu mpaka zilipokoma. Alitoka nje, akazunguka pembe ya banda mpaka karibu na nyuma, akasimama mahali ambapo mama hakuweza kumwona. Kisha akaniambia mimi, kwa utani wa babu na mjukuu na kwa sauti ambayo hata jirani alisikia, "Mke wangu, mwambie mama yako kwamba ni cha kushoto."

Upande wa pili wa pembe mama alijibu, naye akiniambia mimi, "Mwambie babu yako, ndaga." Asante, kwa Kinyakyusa chetu.

Jumapili kanisa lilijaa. Babu hakuongea sana. Alisema picha ile ameihudhuria mara mbili: mara ya kwanza kwa macho, akamhukumu asiye na kosa, mara ya pili kwa masikio, akatubu. Mavazi yake mazuri, alisema, hadithi mbovu, mvua ya uongo. Haitampeleka mtu motoni wala haitampeleka mbinguni. Mtu asiende siku ya Bwana, mtoto asiende saa za shule, na anayekwenda asiwe na haraka ya kujua nani mbaya. Akaketi. Ndivyo banda lilivyosalimika, na mimi nikabaki na mama.

Jumatatu babu aliniita. "Mwambie mama yako leo aingie yeye. Beseni nitalikalia mimi."

Nisingeamini kama nisingeona. Mzee wa kanisa alikaa kwenye kigoda nyuma ya banda, uso ameuelekeza migombani, na vitumbua vya mkamwana wake vikiwa ubavuni. Ndani, mama alikaa safu ya mbele, mikono mapajani, kama yuko ibadani. Muziki wa mwisho ulipoanza kulia babu alinyanyuka akaondoka, maana kwa siku mbili alikuwa ameshajua pale ndipo inapoishia. Mama alipotoka alikuta jani la mgomba limefunikwa kama alivyoliacha. Kilipungua kitumbua kimoja.

Njiani nilimuuliza ameionaje.

"Viatu nilivipatia," alisema. Tukatembea kidogo. "Lakini sikujua yule mwanamke ni mzuri vile. Ningemwona kwanza, hata mimi ningemhukumu."

Pale palipokuwa na banda leo kuna duka la matofali linalouza simu. Mianzi ya kujengea huioni tena Bondeni. Mama na babu wamelala kwenye makaburi ya mji ule ule, na katikati yao wamezikwa wengine, kama walivyozoea. Ile desturi nayo imekwenda. Siililii, maana nilimwona mama akisimama kwenye mvua ya kweli, migombani, akisubiri mzee apite, na ninamshukuru Mungu kwamba mkamwana wangu hatasimama hivyo. Nawakumbuka tu watu wawili ambao hawakuwahi kutazamana, na jinsi walivyosikilizana.

Mkamwana wangu alisubiri nimalize, simu mkononi. "Kwa hiyo mama, huyu anayeuliza muuaji ni nani, nimwandikie nini?"

"Mwandikie asikilize kiatu cha kushoto."

Akaandika. Kisha akainua macho, akamtazama mkwe wake usoni, akamuuliza kama amwongezee chai. Mume wangu akasogeza kikombe.