Bijou na lengalenga za Mama Mariette

Mama Mariette alikuwa na miaka hamsini na minne, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwuliza mnyama anapenda kula nini. Mbuzi wa kijijini kwao Masereka walikula walichokikuta. Simbilisi wake kumi na wawili, waliokuwa wakikimbizana chini ya meza ya jikoni hapa Butembo, walikula maganda ya viazi na majani yaliyobaki, wakanenepa, nao wakaliwa. Watoto wake sita walikula kilichopikwa. Aliyenuna alilala na njaa yake, na kesho yake hakununa tena.

Kwa hiyo asubuhi ile Falonne alipomletea kizimba cha nyaya, hakuona sababu ya kuhangaika. Falonne alikuwa mpangaji wake wa chumba cha nyuma, msichana mwenye kazi ya maabara. Alikuwa ameitwa kikazi mjini Beni kwa wiki sita. Ndani ya kizimba kulikuwa na kitu cha rangi ya mkate, kimejikunja, kimelala.

"Mama, nakuachia Bijou," Falonne akasema. "Kaka yangu alimuleta toka Kampala. Ni hamster."

"Ni panya?"

"Hapana panya, Mama. Hamster."

"Basi ni simbilisi ya kidogo."

"Hapana simbilisi. Hamster."

Jina Mariette alilisikia mara tatu, na bado hakujua ni kitu gani. "Sawa. Anakulaka nini?"

"Pale njo kazi iko. Anachagulaka sana. Anatakaka tu karanga na alizeti. Lakini umupatie chakula équilibrée, Mama, juu asikuwe mugonjwa."

Pikipiki ilikuwa ikinguruma langoni. Falonne akambusu Mariette mashavuni, akapanda na mkoba wake, akaenda.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mama huyu. Mtaani kwao alijulikana kuwa ukimwachia kitu, utakikuta. Miaka ile ya vita, watu walipokuwa wakikimbia na kurudi, wakikimbia na kurudi, nyumbani kwake ziliachwa funguo, cherehani, masufuria, hata jogoo. Kila kitu kilirudi kwa mwenyewe. Jogoo peke yake alikufa kwa ugonjwa, na Mariette alinunua mwingine wa rangi ileile, kisha akashindwa kudanganya, akasema ukweli mlangoni kabla mwenye jogoo hajaingia. Lakini jogoo unaweza kumpata sokoni siku yoyote. Kitu hiki cha rangi ya mkate angekipata wapi?

Jioni akamwuliza mumewe. Mzee Eliezer alikuwa fundi mwashi mpaka alipoanguka kutoka juu ya ukuta na kuumia nyonga. Sasa alishinda nyumbani na fimbo yake.

"Équilibrée ni nini, Papa Eliezer?"

"Équilibre ni mambo ya nivo, ile chombo ya kupimia ukuta," akasema. "Kale ka povu mu nivo kakikala katikati, ukuta haiangukake upande. Pande zote ziko sawa."

"Sasa chakula inakuwaka je na pande?"

Eliezer akaegemea fimbo yake. "Labda asikule upande moja. Lakini mimi ningemutia tu pamoja na simbilisi, kisha siku ya Noeli tungejua ni nini."

Mariette aliuza maharagwe sokoni, na mizani yake ilikuwa ile ya zamani ya sahani mbili. Mambo ya pande sawa aliyajua vizuri kuliko mtu yeyote. Asubuhi iliyofuata akaweka konzi ya karanga sahani hii, akaongeza lengalenga, yale majani ya mchicha, sahani ile, akaongeza tena, mpaka sahani zikalingana. Majani hayana uzito. Alipoyamimina kizimbani, Bijou hakuonekana tena. Palikuwa na kilima cha lengalenga tu, na kilima kilikuwa kikitikisika kidogo.

Kesho yake karanga zilikuwa zimekwisha zote. Lengalenga zilikuwa palepale, zimenyauka.

Akajaribu shu, yaani kabichi. Akajaribu karoti, ugali baridi ambao kwao huitwa bugari, kitunguu cha majani kilichotoka kwao Masereka. Akajaribu maharagwe yake mwenyewe, yale mekundu ambayo watu huyatafuta mpaka mwisho wa soko. Akajaribu kipande cha samaki mkavu wa ziwani Kyavinyonge. Kila kimoja alikipima na karanga, pande sawa. Karanga zilitoweka. Samaki wakati mwingine alitoweka pia, maharagwe siku nyingine yalitoweka na siku nyingine hayakuguswa, na Mariette hakuona kanuni yoyote. Mchana mnyama alilala kama mgonjwa wa malaria. Jua likianza kushuka aliamka, akapanda gurudumu dogo lililokuwa kizimbani na kukimbia bila kufika popote.

"Anakimbia nini?" Mariette aliuliza.

"Anakukimbia wewe na shu yako," Eliezer akajibu.

Siku ya tisa mashavu ya Bijou yalivimba. Yalivimba yote mawili mpaka kichwa kikawa kipana kuliko mwili. Mariette aliwahi kuuguza watoto wanne wenye machubwichubwi, na alijua anachokitazama. Akafunika kizimba kwa kitenge, akaacha maharagwe kwa jirani, akaenda kwa Docta Lusenge, daktari wa mifugo.

Docta Lusenge alikuwa ametoka kumchoma nguruwe sindano. Alinawa mikono, akafunua kitenge, akatazama kwa muda.

"Mama, hii kintu hapana simbilisi," akasema.

"Banasema ni hamster."

"Niliisoma mu kitabu ku chuo. Hawajaniletea hata siku moja." Alivaa glavu, akamshika Bijou shingoni kwa vidole viwili, na kwa kidole cha tatu akasukuma shavu taratibu kutoka nyuma kwenda mbele. Karanga ikatoka mdomoni. Ikafuata ya pili. Zikafuata karanga nyingine nne, harage moja jekundu, na jicho la samaki.

Mariette akakaa kwenye benchi.

"Haiko bugonjwa," Docta akasema. "Ni mifuko. Anabebaka chakula mu mashavu, anaenda kuificha. Mama, uliangalia chini ya malalo yake?"

Hakuwa ameangalia, hakujua kama mnyama ana ghala. Docta akainua nyasi za pembeni, na huko chini kulikuwa na karanga za siku tisa, zimepangwa, na juu yake majani mawili ya shu yaliyooza. Bijou hakuwa amekula chote alichopewa. Alikuwa amehamisha.

"Sasa siku zote namupatia, anakula nini?"

"Anakula karanga anayotaka, saa anayotaka, na yako anaiangalia tu. Njo maana ananenepa." Docta akaeleza taratibu, na mara mbili alisimama kufikiri, kwa sababu naye alikuwa akikumbuka kitabu. Maharagwe mabichi yasiguswe, yana sumu kwa wanyama wadogo. Kitunguu cha majani hapana kabisa. Karanga na alizeti zina mafuta mengi. Ampe moja moja, mara chache. Nafaka ndiyo iwe nyingi, majani kidogo yaliyokaushwa maji, na kitu cha kujenga mwili kama yai lililochemshwa, kiasi cha ukucha. Na ampime kila wiki.

"Lakini équilibrée, Docta, hapana kusema kilo sawa?"

"Hapana, Mama. Ingekuwa vile, wewe pia ungekula kilo ya chumvi na kilo ya bugari."

Alirudi nyumbani akiwa amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyotoka. Nusu ya hayo aliyaelewa, na nusu ile haikuwa na kipimo chochote alichokijua. Tena mizani ya maharagwe haikuweza kumpima Bijou. Jiwe lake dogo kabisa la kupimia lilikuwa zito kuliko yeye. Ikabidi aende kwa Kitsa, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akinunua dhahabu katika kijumba chenye dirisha dogo. Wachimbaji wawili walikuwa kwenye foleni na karatasi zao za unga wa dhahabu. Wakampisha yule mama mwenye kitenge, wakidhani ana kitu kikubwa. Kitsa akaweka bakuli juu ya mizani yake ndogo, akaweka Bijou ndani.

"Gramu mia moja sitini na nane," akasoma. "Mama mudogo, unauzisha?"

"Ni ya mutu," Mariette akasema.

Wiki ile karanga ziliondolewa zote, na ghala likafagiliwa. Mariette aliweka mahindi yaliyosagwa kwa ukubwa, jani moja la lengalenga na kipande cha yai. Bijou akavinusa, akavigeuzia mgongo. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne hata Mariette mwenyewe hakuwa akila vizuri. Akawa anaota Falonne amesimama mlangoni, naye Mariette mikononi hana cha kumpa.

Jumamosi akampeleka Bijou kwa Kitsa. Mnyama ambaye kwa siku sita hakuwa ameonja kitu alikuwa na gramu mia moja sabini na tatu.

"Mizani yako inaharibika," Mariette akamwambia Kitsa.

"Ingekuwa inaharibika, ningekufa na njaa zamani."

Akapima tena. Mia moja sabini na tatu. Alitembea kurudi nyumbani akijiuliza kama kuna mnyama anayenenepa kwa hewa, na kama ni halali kumweka mnyama wa namna hiyo katika nyumba ya Wakristo.

Jumanne mvua ilivunja soko mapema. Mariette aliingia kwa mlango wa jikoni saa kumi, viatu mkononi kwa sababu ya tope, na hapo akamwona mumewe. Mzee Eliezer, ambaye tangu aanguke hakuweza kupiga goti hata kanisani, alikuwa amepiga goti sakafuni mbele ya kizimba, fimbo pembeni. Alikuwa akimenya karanga moja moja na kuipitisha kwenye nyaya, huku akizungumza kwa Kinande, lugha ya kwao, sauti ya chini, akimsimulia Bijou habari za ukuta fulani aliowahi kuujenga.

Mariette akasimama pale mpaka maji ya nguo zake yakafanya dimbwi.

"Papa Eliezer."

Mzee hakugeuka haraka. Nyonga haikumruhusu. "Alikuwa ananiangalia," akasema. "Wewe unakuwa ku soko. Anaamuka saa kumi, ananiangalia tu. Mutu atafanya je?"

"Ulisema tumukule siku ya Noeli."

"Nilisema kabla ya kumuzoea."

Alitaka kukasirika, na hasira ikakataa kuja. Alimtazama mzee yule sakafuni, akawaza kuwa miaka mitatu sasa anamwacha peke yake na ukuta tangu asubuhi hadi jioni, na hakuwahi kujiuliza mchana wake unapitaje. Akampa mkono, wakainuka pamoja kwa taabu.

Tangu siku hiyo kazi ya kumlisha waliifanya wawili. Eliezer aliviringisha jani la lengalenga na kuficha mbegu moja ya alizeti ndani. Bijou akalifungua jani kwa mikono yake midogo kama mtu anayefungua barua, akatoa mbegu, akaacha jani. Wakajaribu kukatakata; akachambua. Aliweza kuchambua kila kitu.

Hapo Mariette akakumbuka kituo cha afya, miaka ile ya kupima watoto, mtoto wake wa nne alipokuwa mwembamba kama kijiti. Muuguzi aliwapangia akina mama mafungu mezani: mahindi na mtama vya nguvu, soya ya kujenga mwili, majani ya kulinda. Kisha akavisaga vyote, akapika uji mmoja, kwa sababu mtoto hawezi kuchagua ndani ya uji. Mafungu yale mezani hayakuwa sawa. La mahindi lilikuwa kubwa, la soya dogo, na majani yalikuwa kiasi cha kiganja. Hakuna aliyelitaja neno équilibrée siku ile, au labda lilitajwa naye alikuwa akimtazama mwanawe.

Akatwanga mahindi, mtama na soya kidogo iliyokaangwa. Akakausha lengalenga juani, akazifikicha ndani pamoja na yai, akatia maji matone machache, akafinyanga vidonge vidogo kama punje za maharagwe, akavianika. Saa kumi Eliezer alikaa kwenye kiti chake, safari hii mikono mitupu, na Mariette akaweka kidonge kimoja. Bijou alikinusa. Alikigeuza upande huu, akakigeuza upande ule, akatafuta pa kuanzia kuchambua asipaone. Akatia shavuni, akaenda pembeni, akakitoa. Kisha akakila chote.

"Ameshindwa," Eliezer akasema polepole.

Wiki ya sita Falonne akapiga simu. Kazi ya Beni imeongezwa muda, amepata chumba hukohuko, mtaa wa Mulekera, je, Mama angeweza kumletea Bijou? Mariette akapanda teksi ya asubuhi, kizimba magotini. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani askari aliinua kitenge, akatazama, akauliza ni nini.

"Ni hamster," Mariette akajibu, kama mtu aliyezaliwa na neno hilo, naye askari akashusha kitenge bila kuuliza tena.

Falonne alimpokea kwa chai na mikate. Akamtoa Bijou, akamgeuza, akashangaa. "Mama, amekuwa mwepesi. Na manyoya yake inang'aa." Mariette akatoa kidonge mfukoni, na Bijou akakila mbele yao, mchana kweupe, akiwa nusu usingizini.

"Kwangu alikatalaka majani miaka mbili," Falonne akasema. "Ulimufanya je?"

Mariette akaeleza mahindi, soya, kiganja cha majani. Alieleza vizuri. Ila moyoni bado hakuelewa kwa nini msichana mwenye akili amfuge mnyama asiyeliwa, asiyetaga, asiyebweka. Alitaka kuuliza, akaona Falonne ameweka shavu lake kwenye manyoya yale na kufumba macho, akaacha.

Alirudi Butembo na teksi ya alasiri. Eliezer alikuwa amekaa mlangoni, nje, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukaa.

"Alikula?" akauliza.

"Alikula."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akatazama barabara. Kisha akasema, "Kesho nitakusindikiza ku soko. Nitakaa tu pale."

"Ni mbali na ile muguu."

"Tutaenda polepole," akasema, na Mariette akaingia kutafuta kiti chepesi cha kubeba.